Sanamu za Kauri Kabatini: Pambo, Mali au Mashaka?

Karibu kila nyumba ya mjini ina mahali pake pa kuweka vitu visivyoguswa. Kwa wengi wetu ni kabati la vioo sebuleni, juu yake kitambaa kilichofumwa kwa mkono, ndani yake sahani za sikukuu, vikombe vya chai vilivyotolewa zawadi siku ya harusi, na pengine sanamu ndogo ndogo za kauri: msichana mwenye gauni pana, mbwa wawili wanaotazamana, mchungaji na mwanakondoo wake. Watoto wamekatazwa kugusa. Wageni husifia. Lakini ukimwuliza mama mwenye nyumba sanamu ile imetoka wapi, ilitengenezwa na nani, na siku akiondoka duniani itakuwa ya nani, aghalabu hana jibu.

Sisi tunaoandika ukurasa huu ni akina mama wanne wa Kigamboni: wauguzi wawili, mwalimu mmoja na fundi cherehani mmoja. Tulizoeana katika kikundi cha kanisa kinachotembelea wagonjwa majumbani, na katika kuzunguka Tungi, Kibada, Mjimwema hadi Gezaulole tukagundua kwamba sote tunapenda kitu kimoja. Yapata miaka kumi na miwili sasa tunakusanya sanamu za kauri zilizotoka Ulaya. Tunazipata kwa wauza vyombo vya mtumba, kwa familia zinazohama, na mara nyingine kwa wazee wanaopunguza vitu. Hatuna nyingi. Sote wanne kwa pamoja tunazo 47, na nyingi kati ya hizo hazikuzidi bei ya kilo mbili za nyama.

Katika miaka hiyo tumeona sanamu hizi zikileta furaha, tumeona zikileta ugomvi, na mara moja tumeona hofu juu yake ikikaribia kumwua mtu. Ndiyo maana tumeamua kuandika. Kitu cha kabatini hakistahili kuogopwa wala kutukuzwa. Kinastahili kujulikana. Na kikishajulikana, kiwe mtumishi wa watu wa nyumba ile, si bwana wao.

KAURI SI NGENI PWANI

Wapo wanaodhani kwamba kupenda vyombo vya kauri ni mambo ya kizungu tu. La hasha. Neno lenyewe ni letu. Kauri ni gamba dogo linalong'aa ambalo watoto wa Kigamboni huliokota ufukweni maji yakitoka, na kauri ni udongo mweupe uliochomwa hata ukang'aa vivyo hivyo. Ajabu ni kwamba Waitaliano nao walifikiri kama sisi: neno lao porcellana lilikuwa jina la gamba hilo kabla halijawa jina la vyombo vya Uchina.

Mabakuli ya Uchina yalifika Kilwa karne nyingi kabla Mreno hajakanyaga pwani hii. Wataalamu waliochimba Kilwa Kisiwani katika miaka ya 1950 na 1960 walikuta vigae vyake kwa wingi. Kunduchi, kaskazini ya jiji letu, yapo makaburi ya karne ya 18 yenye nguzo ambazo zilipachikwa mabakuli ya kauri ili kumheshimu marehemu. Hapa kwetu Kigamboni pia, huko Mbuamaji karibu na Gezaulole, yapo makaburi ya kale na mabaki ya msikiti. Tuwaonye watoto wetu: kigae kilichoko kwenye magofu hakiokotwi. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakataza kuchimba mahali pa kale bila kibali, na kigae kikishaondolewa pale kilipolala, habari yake imepotea.

Majumbani nako kauri ilikuwa na kiti chake. Lamu walijenga zidaka, yaani vishubaka vilivyopangwa ukutani safu juu ya safu kwa chokaa iliyonakshiwa, na ndani yake wakaweka sahani na mabakuli. Binti Sultani wa Zanzibar, Salme, aliyezaliwa mwaka 1844 na baadaye akaishi Ujerumani kwa jina la Emily Ruete, aliandika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 1886. Humo anaeleza jinsi kuta za vyumba zilivyokuwa na vishubaka vilivyojaa kauri na vioo vya thamani. Wakati huo huo viwanda vya Ulaya, hasa vya mji wa Maastricht nchini Uholanzi, vilikuwa vikileta pwani yetu mabakuli ya bei nafuu yenye maua ya rangi. Vipande vyake vimeokotwa hata kwenye mashamba ya karafuu ya Unguja, mahali walipoishi watu wa kawaida.

Lakini angalia: hivyo vyote ni vyombo, si sanamu. Majumba ya Kiislamu ya pwani hayakupenda maumbo ya watu. Sanamu za watu na wanyama zilikuja na Wazungu wenyewe, waliozipanga katika nyumba zao za Oyster Bay na kwingineko. Uhuru ulipofika mwaka 1961, na wengi wao wakaanza kurudi makwao, vitu vizito kusafirisha au vyepesi kuvunjika viliuzwa au viliachiwa mayaya, wapishi na madobi. Hivyo mchungaji wa Ulaya na mwanakondoo wake wakavuka kwa pantoni mpaka Kigamboni.

SIRI ILIYOTAFUTWA KWA MIAKA MINGI

Kwa muda mrefu Ulaya haikujua kutengeneza kauri halisi. Walinunua Uchina na Japani kwa bei ya kutisha. Mtawala August wa Saxony, huko Ujerumani, aliipenda kiasi kwamba mwaka 1717 alimpa mfalme wa Prussia askari 600 wa farasi naye akapokea vyombo 151 vya kauri. Hebu soma tena, mama mwenzetu. Watoto wa watu 600 walibadilishwa kwa vyombo! Kila tunapotamani kumpiga mtoto kwa sababu amevunja kikombe, hatuna budi kumkumbuka August.

Mtawala huyo huyo alikuwa amemfungia kijana aitwaye Johann Friedrich Böttger, aliyejigamba kwamba anaweza kugeuza madini duni kuwa dhahabu. Dhahabu haikupatikana. Lakini kwa kufanya kazi pamoja na mtaalamu Ehrenfried Walther von Tschirnhaus, kijana huyo alipata siri ya kauri kati ya mwaka 1708 na 1709. Mwaka 1710 kiwanda kikafunguliwa, kikawekwa katika ngome ya mji wa Meissen. Siri yenyewe ni udongo mweupe uitwao kaolini, uliochanganywa na mawe yaliyosagwa na kuchomwa kwenye moto mkali unaokaribia nyuzi 1,400 za Selsiasi.

Sanamu zilishamiri baada ya mwaka 1731, alipofika Meissen mchongaji Johann Joachim Kändler. Kabla ya hapo, karamu za wakubwa zilipambwa kwa sanamu za sukari, ambazo ziliyeyuka au kuliwa na panya. Kändler na wenzake wakatengeneza za kauri: mabibi na mabwana, wanyama, ndege, na hata wachuuzi wa mitaani wa Paris wakiwa na vikapu vyao. Tunaipenda habari hiyo ya wachuuzi. Watu waliofukuzwa mlangoni mwa tajiri waliishia kupambwa juu ya meza yake.

Viwanda vingine vikafuata: Chelsea na Derby huko Uingereza, Capodimonte huko Napoli mwaka 1743, Sèvres huko Ufaransa. Katika karne ya 19 mafundi wa Staffordshire, Uingereza, walitengeneza sanamu za bei rahisi za udongo wa kawaida kwa ajili ya nyumba za wafanyakazi. Wale mbwa wawili wanaokaa huku wakitazamana, ambao pengine unao kabatini, walizaliwa huko. Kwa kawaida hutengenezwa jozi. Mmoja akivunjika, mwenziwe hubaki mjane.

MIKONO ILIYOZITENGENEZA

Sanamu haichongwi kipande kimoja. Kichwa, mikono, kiwiliwili na kikapu hutolewa kila kimoja kwenye kalibu yake, kisha huunganishwa kwa uji wa udongo. Ikichomwa husinyaa, ikapungua karibu sehemu moja katika sita. Chini yake au nyuma huachwa tundu dogo ili hewa yenye moto itoke, isije ikapasuka tanuruni. Zile zenye gauni la lesi zina siri nyingine: lesi halisi ya uzi huchovywa katika uji wa kauri, ikavalishwa sanamu, na motoni uzi unaungua wote ukiacha lesi ya udongo. Fundi cherehani wetu aliposikia hayo alikaa kimya kitambo, kisha akasema, "Kumbe hata uzi unaoungua unaacha kazi yake."

Sisi wauguzi tulivutwa na jambo jingine. Katika viwanda vya Staffordshire walifanya kazi watoto, na mapema katika miaka ya 1840 Bunge la Uingereza lilipelekewa taarifa ndefu juu ya hali zao. Walikimbia na kalibu kutoka kwa fundi hadi chumba cha kukaushia chenye joto kali, siku nzima. Rangi na maji ya kung'arishia vyombo yalikuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu. Yaliwapooza mikono waliochovya vyombo, na wanawake wengi waliharibu mimba. Kwa hiyo unapoitazama sura tamu ya msichana wa kauri, kumbuka kwamba nyuma yake pengine kuna mama aliyelia. Hatusemi hivyo ili uichukie. Twasema ili uipe heshima ya kazi iliyofanywa, kama tunavyoheshimu mkeka kwa kumjua mfumaji.

Na sumu ile ina somo hata leo. Sanamu na vyombo vya zamani vyenye rangi si vya chakula. Usiweke pipi katika bakuli la kauri la mwaka usioujua, usimpe mtoto mchanga anayeota meno sanamu ainyonye, na rangi ikianza kubanduka, iondoe mahali watoto wanapofika.

BIBI WA TUNGI

Sasa tueleze lile tuliloahidi. Mwaka 2018 kikundi chetu kilipelekewa habari za bibi mmoja wa Tungi, mjane, aliyekuwa hajaonekana ibadani wiki kadhaa. Ujanani alikuwa yaya Oyster Bay. Familia aliyoitumikia iliondoka nchini mwaka 1964, na siku ya kuagana wakampa sanamu nne: mbwa wawili wa jozi, bibi mzee anayeuza maputo, na msichana mchungaji mwenye mwanakondoo. Alizitunza kwa zaidi ya miaka hamsini. Alihama nazo mara tano, zikiwa zimefungwa ndani ya khanga.

Tulipoingia tulimkuta amekaa mkekani, mkono wa kushoto umelegea, mdomo umekwenda upande kidogo. Kabatini walikuwamo mbwa na muuza maputo tu. Uani, karibu na jalala, tuliona vipande vyeupe.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, wanangu. Karibuni. Mmechelewa, mchungaji wangu wamekwisha kumwua."

Mwanawe mkubwa, fundi seremala, mtu mpole, alitueleza. Mama alipoanza kuumwa kichwa na kizunguzungu, jirani aliwaletea mhubiri mmoja. Mhubiri huyo alitazama kabatini akasema kwamba ugonjwa umo ndani ya sanamu za Wazungu, kwamba zina mapepo, na kwamba zikivunjwa mama atapona. Wakaanza na ya msichana. Bibi akasihi kwa machozi wakaacha zile tatu "mpaka wiki ijayo". Lakini lililotutia hofu zaidi lilikuwa jingine. Kwa kuwa waliambiwa kwamba mama ameshafunguliwa, vidonge vyake vya presha viliwekwa kando. Miezi miwili hakumeza hata kimoja.

Tulimpima. Shinikizo la damu lilikuwa 210 kwa 120. Hatukubishana juu ya mapepo. Tulimwambia mwanawe maneno machache: "Baba, huu ni mwanzo wa kiharusi. Maombi hatuyakatazi, hata sisi tutaomba njiani. Lakini mama anakwenda hospitali sasa hivi." Mungu amjalie yule kijana, alitafuta bajaji kabla hatujamaliza kusema.

Bibi alilazwa siku tisa. Alirudi akitembea kwa mkongojo, mkono ukiwa na nguvu nusu, vidonge vimepangwa kwenye kiboksi kwa siku za wiki. Tulipomtembelea tena, mwanawe alikuwa ameinamisha kichwa. "Tulitaka mama apone," alisema. Hatukuwa na neno la kumlaumu. Kwani ni mtoto gani asiyetaka mama yake apone?

Bibi ndiye aliyelimaliza lile jambo. Alisema: "Yule msichana nimemfuta vumbi kila Jumamosi tangu baba yenu yu hai. Hakunidhuru hata siku moja. Kilichonidhuru ni kuachishwa dawa." Kisha akamwagiza mjukuu wake aokote vipande vyote na kuvitia katika kopo tupu la maziwa. Fundi wetu alijitolea kuviunga kwa gundi. Bibi akakataa. "Acheni hivyo hivyo. Wajukuu wakiuliza, nitawaambia."

JE, NI DHAMBI KUWEKA SANAMU?

Baada ya tukio hilo swali hili lilituandama katika mikutano ya akina mama, nasi tukalizungumza na wazee wetu wa kanisa kwa uwazi. Amri tunayoifahamu sote inakataza kuchonga sanamu ili kuisujudia na kuitumikia. Kwa hiyo swali la kujiuliza si kama kuna sanamu nyumbani, bali ni nani anamtumikia nani. Sanamu ya msichana mwenye kikapu inayofutwa vumbi ni pambo, kama picha iliyotundikwa ukutani. Lakini mama anayenunua sanamu kwa fedha za ada ya mtoto, anayemnyima mgeni kiti kilicho karibu na kabati, au asiyelala kwa kuhofia wezi wa kauri, huyo amekwisha kusujudu hata kama hajapiga magoti.

Vile vile anayeivunja kwa hofu ameipa nguvu isiyo nayo. Udongo uliochomwa hauwezi kutia ugonjwa wala kuuondoa. Mama, mtu yeyote akikuambia kwamba uzima wa mgonjwa wako umo katika kitu cha kuvunjwa, na papo hapo akakuambia uache dawa, mtoe mgonjwa wako hapo haraka. Mdomo ukienda upande, mkono au mguu ukilegea ghafla, au maneno yakigota, ni hospitali siku hiyo hiyo, saa hiyo hiyo.

UTAZIJUAJE?

Wasomaji wengi watataka kujua kama sanamu yao ni ya thamani. Igeuze taratibu utazame chini yake. Panga mbili za buluu zilizopishana ni alama ya Meissen tangu miaka ya 1720, lakini usishangilie mapema, kwani alama hiyo imeigwa na viwanda vingi. Jina la nchi, kama "England" au "Germany", kwa kawaida huonyesha kwamba sanamu ilitengenezwa baada ya mwaka 1891, ilipoanza kazi sheria ya Marekani iliyodai kila bidhaa itaje nchi yake. Maneno "Made in" aghalabu ni ya karne ya 20. Nyingine zimeandikwa "Occupied Japan". Hizo ni za Japani, za miaka iliyoishia 1952, nyingi zikiwa zimeiga za Ulaya.

Wafanyabiashara huita kitu "cha kale" kikishatimiza miaka mia moja. Muuza maputo wa bibi wa Tungi alikuwa na alama ya Royal Doulton ya Uingereza, na umbo lile lilianza kutengenezwa mwaka 1929. Kwa hiyo hakuwa amefika. Mbwa walikuwa wakubwa zaidi kwa umri, lakini mmoja alikuwa na ufa wa zamani, na ufa hushusha bei sana. Tajiri mmoja wa vitu vya mtumba alikuwa amekwisha kuwatolea bei watoto wake: fedha za kununua gunia la mkaa. Tuliwashauri wasiharakishe. Si kwa sababu zingewatajirisha, maana Ulaya kwenyewe vijana wengi hawazitaki tena na bei zimeshuka. Ni kwa sababu mama yao alikuwa bado hai, na zilikuwa zake.

KUZITUNZA

Kazi hii ni rahisi. Tandika taulo ndani ya beseni la plastiki, tia maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, uoshe sanamu moja moja kwa mswaki laini. Ishike kiwiliwili, usiishike mkono wala shingo, kwa kuwa hapo ndipo ilipounganishwa. Usitumie dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, na usisugue penye dhahabu. Iliyowahi kuungwa kwa gundi, na ile yenye lesi, usiiloweke. Kwa sisi tunaoishi kandokando ya bahari, adui mkubwa si chumvi bali ni kabati lenyewe: kagua miguu yake, kwani mchwa akila ubao utaisikia kauri usiku wa manane ikiwa chini.

Ikivunjika, waondoe watoto kwanza. Okota vipande vikubwa ukiwa umevaa viatu, kisha futa sakafu kwa gazeti lililoloweshwa, maana vipande vidogo havionekani na mguu wa mtoto anayetambaa havionei huruma. Funga vyote katika karatasi nene ndipo utupe. Na tafadhali, usimpige mtoto. Mfundishe kushika. Sisi tumeweka desturi ya kuwapa watoto Jumamosi moja kwa mwezi wazioshe pamoja nasi. Tangu tuanze hivyo imevunjika moja tu.

NI MALI YA NANI?

Hapa ndipo penye uzito. Akina mama wengi hudhani kwamba vyombo vya nyumbani si mali ya kuandikwa, na siku mama akifa vinagawanywa kwa kelele kabla matanga hayajakwisha. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inampa mwanamke aliyeolewa haki sawa na mwanamume ya kupata mali, kuimiliki na kuitoa. Ulichopewa zawadi au kununua kwa jasho la vitumbua vyako ni chako, na kuolewa hakukiondoi mikononi mwako. Haki hiyo haizuii kupatana. Sisi tunapotaka kununua sanamu, tunatumia faida zetu wenyewe, wala hatuzifichi chini ya mboga. Mume akijua bei, hatajenga dhana.

Kuhusu wosia, usingoje utajiri. Ofisi za RITA hupokea wosia na kuutunza, na hata kabla ya kufika huko unaweza kuanza na orodha. Ndivyo alivyofanya bibi wa Tungi. Mwalimu wetu alishika kalamu, bibi akataja: mbwa hawa wawili wasitenganishwe, ni vya mjukuu fulani. Muuza maputo ni wa yule binti, kwa kuwa naye anauza barafu shuleni na kujilipia madaftari. Kopo la vipande ni la mwanangu mkubwa. Karibu na kila jina aliandikisha habari ya kitu chenyewe, kilitoka kwa nani, mwaka gani, na kwa nini alikipenda. Watoto wote walisikia, mashahidi wakatia sahihi.

Alifariki mwaka 2022, akiwa amemeza vidonge vyake kila siku kwa miaka minne. Siku ya kugawana hapakuwa na kelele. Yule fundi seremala alilipokea kopo lake kwa mikono miwili. Ametengeneza kishubaka kidogo ukutani kwa mbao za mninga na kuliweka humo, na watoto wake wakiuliza ndani kuna nini, huwaeleza yote bila kujificha.

Basi, mama mwenzetu, jioni moja wiki hii kaa na wanao. Toeni kitu kimoja kimoja kabatini. Waambie kilikotoka, aliyekupa na siku aliyokupa. Usichokijua, mwulize mama yako au mama mkwe wako maadamu yupo. Yaandike katika daftari, uweke na tarehe. Na kama katika nyumba yenu kuna mgonjwa wa presha, daftari hilo hilo liwe na ukurasa wa dawa zake, saa za kumeza na siku ya kurudi kliniki.